Asante Maftah kwa Kuendelea Kuwa Nasi

Maftah alizikwa Jumatano. Jumamosi yake akalipa shilingi elfu tisa na mia tisa.

Usicheke kwanza. Mwantumu, mke wake, hakucheka. Alikuwa chumbani kwake hapa Mugumu, eda ndiyo kwanza imeanza, kajifunika kanga, wageni wa msiba wamepungua wamebaki wale wa kuosha masufuria. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti la marehemu, la kaki, mfuko wa kulia umechanika, ukashonwa, ukachanika tena. Mke fundi nguo, koti la mume limechanika. Mambo ya mganga hajigangi hayo, tusimseme sana. Saa tisa alasiri, nyumba imetulia, koti likapiga kengele ya baiskeli.

Kri-kring.

Mwantumu akainua kichwa. Kengele ile aliijua kuliko anavyoijua sauti yake mwenyewe. Maftah alikuwa fundi wa vyerehani, miaka ishirini na sita anazunguka na baiskeli kutoka sokoni mpaka Manchira huko bwawani, anakaza mikanda, anatia mafuta, anarudi jioni na kengele yake. Alipopata simu ya kioo, mtu mzima yule na mvi zake, akairekodi kengele ya baiskeli akaifanya mlio wa meseji. Akawa anajisifu mtaani: "Ikiingia meseji, mnajua nimefika."

Basi Mwantumu alikaa kitandani anasikiliza, akisubiri baiskeli iegemezwe ukutani.

Haikuegemezwa.

Akatoa simu mfukoni. Kwenye kioo kulikuwa na maneno haya: "Habari MAFTAH! Malipo yako ya Tsh 9,900 yamepokelewa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi. KPC."

Akasoma mara tatu. Halafu akafanya kitu ambacho wewe na mimi tungefanya: akaigeuza simu kioo chini, akaifunika na mto.

Sasa ili uelewe kwa nini hakumuuliza mtu, rudi nyuma siku tatu. Jumatano ile, jeneza likiwa uani, Ashrafu alisimama mbele ya watu. Huyu ni mdogo wake Maftah, ana duka la vipuri vya baiskeli Tarime, mtu wa msimamo, akitabasamu ujue ni Idi. Akasema kama ilivyo desturi: "Ndugu yetu ndiye huyu, anakwenda. Mwenye kumdai aje kwangu kabla hatujatoka hapa. Mwenye kuweza kusamehe, Mungu amlipe." Mwantumu alisikia yote kupitia dirishani. Wakatokea wawili. Muuza vitambaa, elfu arobaini, akalipwa palepale. Na kijana wa bodaboda, elfu mbili, akasema amesamehe, akalia yeye kuliko wafiwa. Ashrafu akauliza tena, mara ya pili, mara ya tatu. Kimya. Wanaume wakanyanyua jeneza wakaenda. Maftah akaondoka hadaiwi, na mji mzima ni shahidi.

Na huyu KPC alikuwa wapi siku hiyo?

Jioni Mwantumu akampigia Ashrafu, akamsomea ile meseji kwa sauti ya chini. 

"Shemeji," Ashrafu akasema, "hiyo ni mikopo ya simu."

"Maftah hakuwa mtu wa mikopo."

"Wote tunasemaga hivyo. Mtu anakopa kwenye simu, hata mto wake haujui. Sasa sikiliza. Deni la maiti si mchezo, roho inaning'inia pale mpaka lilipwe. Wakikata, acha wakate. Na usimwambie mtu. Nilisimama mbele ya watu nikasema hadaiwi. Tutaitwa waongo."

"Sasa limebaki shilingi ngapi?"

"Mimi nitajuaje, shemeji? Aliyekopa ndiye yule tumemzika."

Ndivyo ilivyoanza. Kuanzia siku hiyo Mwantumu alikuwa na kazi moja tu kichwani, kubwa kuliko kushona na kuliko kula: kumlipia Maftah mpaka deni liishe, ili mtu wake apumzike.

Simu hakuizima, na asingeweza. Kwenye ukuta wa fremu yao ya kushonea karibu na soko imeandikwa kwa rangi nyekundu, FUNDI MAFTAH, SARE ZA SHULE, na namba ya simu chini yake. Wazazi wa watoto wote wa mji huu wanatuma hela za sare kwenye namba hiyo. Hata binti yao, Kauthar, aliyeolewa Sirari, alimwambia kabla hajarudi kwake: "Mama, laini ya baba isizimwe, utapoteza wateja." Kwa hiyo marehemu aliendelea kuchajiwa kila siku, na kila siku watu waliendelea kumpigia. "Fundi, cherehani inaruka mishono." Mwantumu anajibu, "Ametangulia." Kuna mmoja akauliza, "Ametangulia mpaka wapi, nimfuate?"

Tarehe kumi na saba Februari, kri-kring. Elfu tisa na mia tisa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi.

Tarehe tatu Machi, kri-kring, na siku hiyo haikuwa siku ya malipo. Mwantumu akashika simu. "Heri ya kuzaliwa MAFTAH! Leo ni siku yako. KPC tunakutakia miaka mingi zaidi."

Miaka mingi zaidi. Mtu ana siku arobaini na nane udongoni.

Siku hiyo Mwantumu hakuweza kukaa chumbani na ile simu. Akaitoa ukumbini, kutoka ukumbini akaipeleka jikoni, akaiweka ndani ya sufuria, akafunika. Jirani yake Gati, mama wa Kikurya anayeuza maziwa mgando, aliyekuwa akija kila siku kumwangalia, ndiye aliyeikuta.

"Mama Kauthar, leo tunapika simu?"

"Iache hapo."

Gati akafunua, akatazama, akafunika taratibu.  "Ni yeye?"

"Inalia yenyewe. Kila tarehe kumi na saba."

"Anataka kitu," Gati akasema, kama mtu anayesema mvua inakuja. "Kwetu mzee akiwa na jambo anakuja ndotoni, anakaa kwenye kigoda, anasema nataka hiki. Unampa, yanaisha. Huyu wako ni fundi, amekuja na mtandao."

"Gati."

"Sikutanii, jirani. Kidogo tu nakutania. Mpe anachotaka."

Mwantumu hakuwa mtu wa mambo ya vigoda, amekulia madrasa, lakini maneno yale yalimwingia. Kwa Ashrafu ni deni, kwa Gati ni ombi, na kote dawa ni ileile: lipa. Kwa hiyo Machi, Aprili, Mei, akalipa, zikikatwa kwenye hela za sare zilizoingia kwenye laini. Eda ikaisha, akavua kanga za msiba, akarudi kwenye fremu, na simu akaiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Tarehe kumi na sita anapita kwa wakala na kuweka hela kwenye laini ya marehemu, ili kesho yake isikose. Wakala, binti mwenye kutafuna bazoka, akamwuliza siku moja: "Mama, huyu Maftah anakula tu, hatumi?" Mwantumu akachukua risiti akaondoka.

Akaanza kumsemesha. Kimoyomoyo mwanzoni, halafu kwa mdomo, mguu uko kwenye cherehani. "Nimeweka, mume wangu. Ya mwezi huu nimeweka." Anatulia kama anayesubiri jibu, halafu anaendelea na pindo. Mteja akiingia anajifanya alikuwa anahesabu vifungo.

Mara moja alijaribu kumjibu KPC. Aliandika kwa kidole kimoja, nusu saa nzima, kwa adabu zote: "Shikamoo. Mimi ni mke wa Maftah. Mume wangu amefariki. Naomba kujua deni limebaki shilingi ngapi ili nimalizie. Mungu awabariki." Akatuma. Jibu likaja kabla hajaweka simu chini: "Samahani, namba hii haipokei ujumbe."

Kasalimia ukuta.

Juni ndiyo ilimvunja. Meseji ilikuja na habari mpya: "Ili kukuhudumia vizuri zaidi MAFTAH, malipo yako kuanzia sasa ni Tsh 14,900." Mwantumu akatafsiri alivyoweza. Riba. Deni halipungui, linanenepa. Usiku akawa anamwota Maftah amesimama barabara ya Manchira, ameshika baiskeli, tairi zinazunguka na yeye hasogei. Hasemi kitu. Mwantumu akiamka anawaza: nimelipa mara sita, mtu yuko palepale. Kwani alikopa nini huyu mwanamume, alinunua bwawa?

Na hapo kuna jambo alilokuwa halisemi hata kwa Ashrafu. Mume wa miaka ishirini na sita, chakula sahani moja, kumbe alikuwa na mlango ambao yeye hakuufungua. Hela ile aliifanyia nini? Alimpa nani? Wajane wenzangu wanajua, hapo ndipo mtu anapokosa usingizi. Mie nahadithia tu. Msiba wa kwanza watu wanakuja kukupa pole. Huu wa pili unakaa nao mwenyewe.

Julai, tarehe kumi na saba, ilikuwa Ijumaa. Mchana, vumbi la sokoni limesimama juu kama halina haraka. Ndani ya fremu alikuwa Bupe, nesi wa hospitali, dada wa watu kutoka Mbeya aliyepangiwa kazi huku mwaka wa pili sasa. Alikuja kupima sare, amesimama mikono juu, Mwantumu kamzungushia futi kiunoni na pini tatu mdomoni.

"Mama Kauthar, uniachie nafasi ya ugali. Huku kwenu wanapakua kama wanajenga kichuguu."

"Mmh," Mwantumu akasema, na zile pini.

Kri-kring.

Futi ikaanguka. Mwantumu akasimama wima, anaitazama meza. Alikuwa ameweka hela jana, anajua ni nini, na bado damu ilimkimbia kama siku ya kwanza. Bupe ana kazi ya kutazama watu wanavyobadilika rangi. Akashusha mikono.

"Mama, toa pini mdomoni. Kaa. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Kaa kwanza, ndiyo uniambie hakuna."

Akakaa. Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. Ashrafu alisema asimwambie mtu. Lakini ilikuwa mara ya saba, na Bupe alikuwa ameshaichukua simu, si kwa kuchunguza, kwa kuisogeza tu isianguke. Meseji ilikuwa wazi juu ya kioo.

"KPC," Bupe akasoma. Uso ukakunjamana. "Hawa mbwa mpaka huku wamefika?"

Mwantumu alihisi kiti kinasogea. "Unawajua?"

"Nawajuaje, nimewalisha. Si ni Kapuchapu hawa, wale wa duka la kwenye simu. Nilinunua viatu vya wodini kwao, usafiri bure. Nikaja kushtuka mwezi wa tano, kumbe kila mwezi wananikata, mie nadhani ni makato ya chama cha wafanyakazi."

"Wanakudai nini?"

"Hawanidai kitu."

"Sasa wanakata nini?"

"Ada, mama. Ya uanachama."

"Uanachama wa nini?"

"Wa kununua vitu." Bupe akaona macho ya yule mama, akaacha utani. "Mama Kauthar. Wewe ulidhani ni nini?"

Na Mwantumu akamwambia. Yote: jeneza uani, Ashrafu kusimama, mara tatu kimya, roho kuning'inia, hela za wakala, Maftah na baiskeli isiyosogea. Alisema akitazama chaki. Bupe alisikiliza bila kukatiza. Ni kipaji hicho, wengi hatuna.

"Marehemu alikuwa ananunua vitu humu?" akauliza taratibu.

"Vipuri. Mikanda, makasha ya bobini. Mwezi wa kumi na mbili aliagiza mkanda, akafurahi kweli, akasema mzigo umekuja bure kutoka Mwanza."

"Hapo hapo. Unaweza kuifungua simu yake?"

Namba ya kufungulia aliijua, mwaka waliooana. Bupe akavuta kiti. Wakaifungua ile aplikesheni ya rangi ya chungwa, na jambo la kwanza kutokea lilikuwa picha ya Maftah mwenyewe, ndogo, ndani ya duara, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Pembeni imeandikwa: "Karibu tena Maftah, tulikukumbuka."

Mwantumu akashika ukingo wa meza.

"Nifunge?" Bupe akauliza.

"Endelea."

Bupe akatafuta mpaka akaikuta oda ya Desemba, tarehe kumi na saba. Mkanda wa cherehani, elfu kumi na mbili. Usafiri, sifuri. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa kijivu juu ya weupe, herufi za ukubwa wa mayai ya sisimizi. Bupe akaukuza kwa vidole viwili. "Usafiri bure kwa wanachama wa Kapuchapu. Mwezi wa kwanza bure, baada ya hapo Tsh 9,900 kila mwezi hadi utakapositisha." Na kando yake kisanduku kidogo chenye tiki.

"Alitia tiki," Mwantumu akasema.

"Hakutia. Kinakuja kimeshatiwa. Ukitaka kukikataa ndiyo unakitoa, na nani anakiona? Mie mwenyewe na macho yangu ya kusoma vipimo vya sindano sikukiona. Unaona hii bure kubwa, unaweka namba ya siri, umeshawapa ruhusa."

"Mwezi wa kwanza bure," Mwantumu akarudia. Akahesabu kwa vidole. Desemba kumi na saba, Januari kumi na saba. Maftah alianguka Januari kumi na tatu, Jumanne, njiani. "Kwa hiyo hata siku moja hawakumkata akiwa hai."

"Hata siku moja. Hakujua. Hakukopa, hakuficha."

 Nje mtu alikuwa anabishana bei ya dagaa.

"Na hiki nini?" Mwantumu akauliza, ananyoosha kidole kwenye kioo. Juu pembeni kulikuwa na picha ya kapu na namba moja ndani yake.

"Kitu alichokiweka asikinunue." Bupe akabonyeza. Picha ikafunguka, kichupa cheusi na kibrashi. Dawa ya kupaka ndevu ziwe nyeusi, shilingi elfu sita.

Mwantumu akatazama. Akatazama tena. Halafu kitu kikamtoka kooni ambacho hakikuwa kimetoka tangu Januari, nacho kilikuwa kicheko, kibovu, kimeingia kutu. "Alikuwa ananiambia mvi ni heshima. Kila siku mvi ni heshima."

"Baba alitaka kurudi ujana."

"Mbona hakununua?"

"Ngoja nikuonyeshe." Bupe akabonyeza endelea, endelea, mpaka ukurasa wa mwisho, kabla ya namba ya siri. Elfu sita ilikuwa imefika elfu kumi na tatu na mia tano. Ada ya huduma. Ada ya kufungasha. Bima ya mzigo, nayo ina tiki yake tayari. "Ona. Bei wanayokuonyesha mlangoni si bei utakayotoka nayo. Huu ukurasa wa mwisho ndio wa kusoma, mstari kwa mstari, tiki zote toa, halafu ulinganishe na duka la hapo sokoni. Naona hii aliishtukia, akaiacha. Ile ya kijivu ndiyo ilimpita."

"Alikuwa mjanja," Mwantumu akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu cha kujivunia. "Si mjinga, Maftah."

"Si mjinga hata kidogo. Sasa tuwatoe hawa."

Kusitisha kulifichwa kama nyoka kwenye nyasi. Akaunti, mipangilio, msaada, zaidi, uanachama, simamia uanachama. Bupe alikuwa anajua njia, keshapita humo na hasira zake. Mwishowe kioo kikawa cheupe na maneno makubwa katikati.

"Tunasikitika kuona unataka kutuacha, Maftah. Tuambie kwa nini."

Chini zimepangwa sababu. Bei ni kubwa. Sitanunua tena kwa sasa. Nimepata duka lingine. Nyingine. Sababu ya kwamba mtu yuko makaburini haikuwepo. Bupe akachagua ya mwisho. Kikaja kioo kingine.

"Maftah, una uhakika unataka kuondoka?"

Na vitufe viwili. Kimoja kikubwa, cha chungwa, kimejaa kioo: NABAKI. Kingine, chini, cha kijivu, kidogo, unaweza kudhani ni uchafu: ondoka.

"Bonyeza hiki cha chini," Bupe akasema.

Mwantumu hakubonyeza. Kidole kilifika juu ya kioo kikasimama.

Wewe unaweza kusema, dakika moja tu, bonyeza, elfu kumi na nne na mia tisa zinaokoka. Yeye alikuwa anawaza uani, Jumatano ile. Wanaume ndio waliokwenda makaburini, ndiyo taratibu yetu. Wao walimshusha, wao walitia udongo, wao walimwombea juu ya kaburi. Yeye alibaki ndani na wanawake, akasikia sauti za miguu zikipungua, basi. Hakuna aliyemwambia sasa mwambie aende. Tangu siku hiyo hakuwa amemwambia Maftah aende popote. Alikuwa amemlipia kila mwezi na kumchaji kila jioni. Leo wamemwuliza Maftah, kwa jina, kama anaondoka, na jibu wanalitaka kwa mkewe.

"Nikibonyeza," akasema, "hatalia tena?"

Bupe akaelewa polepole. "Hizi meseji hazitakuja tena. Zile za wateja zitakuja."

"Za kusema asante kwa kuendelea kuwa nasi."

"Hizo hazitakuja."

"Miezi yote hii nazichukia," Mwantumu akasema. "Kila tarehe kumi na saba natamani niitupe hii simu. Na tarehe kumi na sita, Mungu anisamehe, naoga, navaa vizuri kwenda kwa wakala. Kama ninakwenda kumpelekea chakula."

Bupe akanyoosha kidole chake. Halafu: "Nikubonyezee mimi?"

"Hapana. Mume ni wangu."

Akafuta kidole kwenye kanga, kwa sababu kilikuwa na chaki. Midomo yake ikacheza, Bupe aliyekaa pembeni hakusikia alichosema, na hakuuliza. Akabonyeza kile cha chini.

Kioo kikazunguka kidogo, mtandao wa Mugumu na madeko yake. Halafu: "Uanachama umesitishwa." Jina halikuandikwa tena. Picha ya Maftah kwenye duara ikabaki pale pembeni, na kofia yake.

"Hela zile saba," Bupe akasema baada ya muda, "tutaandika barua ya malalamiko, tuweke na cheti cha kifo. Wanaweza kurudisha, wanaweza wasirudishe, sikudanganyi. Na hii laini yenyewe, mama, ni ya mtu aliyefariki. Inatakiwa ifungwe, uandikishe yako. Ukutani tutapaka rangi."

"Hiyo bado."

"Sawa. Hiyo bado."

Bupe akaondoka bila kupimwa, akasahau na yeye, atarudi Jumatatu. Mwantumu akakaa. Watu walikuwa wanatoka msikitini, viatu vinakokota vumbi, akasubiri mpaka wakapita wote. Halafu akachukua simu yake mwenyewe, si ile, akampigia Ashrafu.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Wamekata?"

"Wamekata. Lakini Maftah hadaiwi."

Nyuma ya Ashrafu ilisikika sauti ya mtu anapiga nyundo kwenye rimu ya baiskeli, halafu ikaacha.

"Nani kasema?"

Akamweleza. Mkanda, bure, kisanduku, mwezi wa kwanza, Januari kumi na saba. Ilibidi aeleze mara mbili, maana Ashrafu ni wa kizazi cha risiti ya karatasi. Hakumweleza habari za dawa ya ndevu. Hiyo aliificha, na akaona raha kuificha.

"Kwa hiyo nilisema kweli," Ashrafu akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mdogo kuliko yeye. "Siku ile. Mbele ya watu."

"Ulisema kweli."

"Mie kila swala, shemeji, tangu Januari. Namwombea deni lake liishe. Kila swala, dua hiyohiyo moja." Akavuta pumzi. "Sasa nimwombee nini?"

Mwantumu akaitazama ile simu nyingine juu ya meza, kati ya mkasi na chaki, imenyamaza.

"Sijui," akasema. "Na mimi ndiyo naanza leo."